Kamba koche mzima: kutoka sokoni hadi kwenye mkaa

Ukiuliza mtandaoni jinsi ya kupika koche, video nyingi zitakazokujia zinamwonyesha koche wa Marekani: rangi ya giza, magando mawili makubwa yaliyofungwa raba, anatumbukizwa kwenye sufuria inayotokota. Huyo ni mnyama mwingine. Koche wa bahari yetu, kuanzia Kiunga na Lamu mpaka Mafia, Kilwa na Mtwara, hana gando hata moja. Silaha yake ni miiba. Gamba la mgongoni lina miiba, na zile sharubu mbili nene nazo zimejaa miiba. Nyama yake karibu yote iko mkiani. Ukizifuata video zile hatua kwa hatua, utatafuta nyama ya magando ambayo haipo, na mkia utauchemsha mpaka ugome meno.

Mwongozo huu ni wa huyu wetu, na ni wa mtu ambaye hajawahi kumshika akiwa hai. Niseme mapema ninapoegemea: mara ya kwanza mpasue, umchome kwa tui. Kumchemsha mzima mzima kunaonekana rahisi, ila huoni kinachoendelea ndani ya gamba, na mgeni wa kazi akikosa uhakika huongeza dakika tano za kujihami. Dakika tano hizo ndizo zinazomharibu. Akiwa amepasuliwa, nyama unaiona inavyogeuka mbele ya macho yako, na unajua wakati wa kuiepua.

Kabla ya kutoa pesa, jiulize nani atakula. Mtu anayevimba midomo, kuwashwa mwili au kubanwa kifua akila kamba wadogo au kaa, koche si chakula chake. Kinachomdhuru kimo katika nyama ya jamii hiyo yote na moto haukiondoi. Na kama unaalika watu, uliza: Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi pwani, wanamla, lakini Mashia Ithnaashari hawamli, na wengi wa Hanafi pia hawamli. Ni aibu kumwekea mgeni sinia zito la gharama kisha akaomba chai.

Kumchagua

Msimu wake ni kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, bahari ikiwa imetulia na maji yamesafika, mzamiaji akiona hadi ndani ya mapango ya miamba. Kusi likishika, wazamiaji wengi hukaa nchi kavu, na wachache wanaopatikana wanauzwa ghali. Upande wa Lamu, Kizingitini hasa na vijiji jirani vya Wabajuni, wana ufundi wao wa zamani: humfunga pweza kwenye fimbo na kumwingiza pangoni. Pweza humla koche, kwa hiyo koche akimwona hutoka mbio kwa kinyumenyume, na mzamiaji anamngoja mlangoni. Habari hii ina faida jikoni. Koche aliyetolewa pangoni namna hiyo, kwa mkono au kwa wavu, hufika sokoni bila jeraha. Aliyechomwa mkuki ana tundu, maji yake ya mwilini yamevuja, na mara nyingi amekufa zamani. Ukiona tundu kwenye gamba, mwache.

Sokoni, iwe Feri ya Dar es Salaam au Darajani ya Unguja, usitegemee kumkuta mezani anakungoja. Koche wengi wanakuwa na wenyewe, yaani mahoteli na wanunuzi wa kusafirisha nje, kabla chombo hakijatia nanga. Njia ya uhakika ni kumwagiza mvuvi au mchuuzi unayefahamiana naye siku moja kabla, kisha uwahi asubuhi.

"Za asubuhi, kaka. Koche wangu yupo?"

"Nzuri, dada. Yupo, nimekufichia. Wa leo alfajiri huyo."

"Haya, mnyanyue nimwone mkia."

Hilo la mwisho ndilo la kusisitiza. Koche mzima akinyanyuliwa hupiga mkia: anaukunja kwa nguvu chini ya tumbo, anaukunjua, anaukunja tena. Miguu inatafuta pa kukamata, na sharubu zinageukia mkono uliomshika. Mara nyingi hutoa pia mlio wa kukwaruza, kama mlango wenye bawaba kavu. Usishtuke ukamwachia. Hana koo la kulilia. Mlio unatoka kwenye mashina ya sharubu, yanaposuguana na gamba chini ya macho, na anaupiga kumtisha adui.

Mshike wewe mwenyewe pia, ujizoeshe kabla hujafika nyumbani. Mkono uwe na glavu au kitambaa kizito, umkamate mgongoni kutoka juu, nyuma kidogo ya macho. Usimnyanyue kwa sharubu, zinakatika. Na vidole viwe mbali na mkia unapojikunja, maana kingo zake zinakata.

Mkia unaoning'inia tu, usiojikunja, ni wa koche aliyekufa au aliye njiani. Hapa usimwonee muuzaji haya. Samaki aliyekufa asubuhi akawekwa barafuni bado unamla jioni bila wasiwasi, koche sivyo. Kichwani mwake kuna tezi kubwa ya kumeng'enyea chakula, na akishakufa vimeng'enya vyake huvuja na kuanza kuila nyama ya mkia, huku bakteria wakizaana. Ukimpika, nyama inamomonyoka na haina utamu. Kama amekufa sasa hivi mbele yako, hana harufu ya amonia, na muuzaji yuko tayari kuukata mkia papo hapo autenge na kichwa na kuuweka kwenye barafu, nunua mkia kwa bei ya mkia. Vinginevyo nenda zako.

Ukiridhika na uhai wake, mgeuze chali. Ukiona chini ya mkia vishada vya chembe za rangi ya chungwa au kahawia, huyo ni jike mwenye mayai. Sheria za uvuvi za Kenya na za Tanzania zinakataza kumvua. Jike mkubwa hubeba mayai kwa malaki, na ataendelea kuletwa sokoni madhali kuna anayemnunua. Muuzaji akikwambia "mayai ndiyo utamu wenyewe", mrudishie bila mjadala.

Bonyeza gamba ubavuni mwa kichwa. Likibonyea, amejivua gamba karibuni, na ndani mna maji mengi kuliko nyama. Mguu mmoja au miwili kukosekana si neno.

Uzito unaofaa kwa kuanzia ni gramu 600 hadi 800. Mkia ni kama theluthi tu ya uzito wote, na gamba bado limo, kwa hiyo koche wa gramu 700 anamtosha mtu mmoja mwenye njaa, au wawili kama pana wali wa nazi na mchuzi mwingine pembeni. Wale wakubwa wa kilo moja na nusu wanapendeza kwenye picha, lakini sehemu nene ya mkia huwa bado mbichi wakati ncha imeshakauka. Waache mpaka mkono uzoee.

Njiani

Usimtie kwenye ndoo ya maji ya bomba. Mwili wake umezoea chumvi ya bahari, na maji yasiyo na chumvi yanamuua taratibu na vibaya. Ndoo ya maji ya bahari nayo inahadaa: hewa iliyomo majini ni kidogo, akiimaliza anakosa pumzi humo humo ndani ya maji. Nje ya maji, akiwa amepozwa na kuloweshwa, anaweza kuishi saa kadhaa.

Chukua boksi la kuwekea barafu. Tandika barafu chini, juu yake magazeti mazito, kisha koche aliyefunikwa kwa gunia au kitambaa kilicholoweshwa maji ya bahari. Maji ya barafu inayoyeyuka yasimfikie. Jua lisimpige, na usimfunge kwenye mfuko wa plastiki. Ukifika nyumbani na bado si wakati wa kupika, sehemu ya chini ya friji inafaa, akiwa amefunikwa na kitambaa chake. Mpike siku hiyo hiyo.

Kumlaza kwenye barafu

Hatua hii ndiyo wengi wanairuka. Uswisi ilipiga marufuku mwaka 2018 kumchemsha koche akiwa na fahamu zake, na Uingereza mwaka 2022 ilimtambua kisheria, pamoja na kaa na kamba, kuwa kiumbe mwenye hisia. Kwetu sijui mtu atakayekukamata jikoni kwako, lakini hatuhitaji bunge litwambie hili. Mtu aliyelelewa kuona haya kumchinja kuku kwa kisu butu anaelewa mara moja.

Pana sababu ya upishi pia. Koche anayepigapiga ni vigumu kumpasua katikati, utajikata, na mnyama aliyekufa kwa kupapatika nyama yake hukakamaa.

Bahati nzuri, koche wa bahari ya joto hawezi kabisa baridi. Tafuta beseni au ndoo pana. Barafu iliyovunjwavunjwa sehemu tatu, maji sehemu moja, na chumvi vijiko viwili vya chakula kwa kila lita ya maji, uongeze kidogo kwa sababu barafu itayeyuka na kuizimua. Ukikaa karibu na ufuo safi, maji ya bahari yenyewe ni bora. Ya bandarini hapana. Mzamishe wote, kichwa na mkia. Muache dakika 20 kwa uchache, 30 kwa wa gramu 700 na kuendelea.

Kisha mjaribu. Mnyanyue: mkia ukunjuke kwa mkono wako bila ubishi. Gusa vile viungo vidogo vya mdomoni, gusa karibu na jicho. Asipotikisika kabisa, amelala. Akitikisa hata mguu, mrudishe dakika kumi. Friza nayo inalaza, ila hewa baridi hufanya kazi polepole kuliko barafu na maji. Mpe karibu saa moja na umchungulie mara kwa mara, maana nyama ikianza kuganda umeharibu mambo.

Dakika hizo za kungoja usizipoteze. Washa mkaa sasa. Kisu kisishuke kabla moto haujawa tayari.

Tui la kupaka

Kwa koche mmoja au wawili: tui zito la nazi mbili, kama kikombe kimoja na nusu. Punje nne za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba, pilipili mbichi moja au mbili, na chumvi. Twanga pamoja kwenye kinu mpaka vilainike. Tia kwenye tui pamoja na nusu kijiko cha chai cha manjano, ubandike kwenye moto mdogo na ukoroge muda wote kwa upande mmoja, bila kufunika, ili tui lisikatike. Likianza kuwa zito na kushika mwiko, epua. Ndimu moja na kotmiri iliyokatwakatwa viingie likiwa limeshaepuliwa.

Gawa mara mbili. Bakuli moja la kupaka, ambalo brashi yake itagusa nyama mbichi. Bakuli la pili la mezani. Yasichanganyike.

Viungo ni hivyo tu. Najua watu wanaotia garam masala, bizari nzima, ukwaju na nyanya ya kopo katika tui hili. Fanya hivyo kwa kuku. Koche ana utamu wake mpole, na umemnunua ghali kwa ajili ya utamu huo.

Kisu

Unahitaji kisu kizito chenye ncha, kilichonolewa leo. Kile chembamba cha kumenyea hakifai. Tandika kitambaa kibichi chini ya ubao ili usiteleze, vaa glavu mkono wa kushikia.

Mlaze kifudifudi, mkia umenyooka. Tafuta pale gamba la kichwa linapokutana na pingili ya kwanza ya mkia. Weka ncha ya kisu mbele kidogo ya hapo, katikati kabisa ya mgongo, makali yakielekea macho. Shindilia ncha mpaka iguse ubao, kisha shusha kisu mbele kwa mkupuo mmoja, kipite katikati ya macho. Bila kusita geuza ubao, ingiza kisu pale pale ulipoanzia, na pasua mkia mpaka mwisho. Gamba likigoma, gonga mgongo wa kisu kwa mchi wa kinu. Mapigo mawili, sekunde chache, kazi imekwisha.

Lazima ufike mkiani, usiishie kichwani. Koche hana ubongo mmoja kama wetu unaoamuru kila kitu. Ana mlolongo wa mafundo ya neva yaliyopangwa katikati ya mwili, upande wa tumboni, kutoka kichwani hadi mkiani. Kumchoma kisu kichwani peke yake kunakata fundo moja na kuacha mengine. Ukimpasua kwa urefu wote, yote yanakatika pamoja. Baadaye unaweza kuona miguu inatetemeka kidogo. Ni misuli, mwenyewe hayupo.

Kusafisha

Funua vipande viwili. Nyuma ya macho kuna kimfuko kigumu, ndicho tumbo lake, mara nyingine kina mchanga. Kitoe. Kando ya kichwa, chini ya gamba, kuna matamvua yanayofanana na manyoya, yavute yatoke. Mkiani kuna mshipa mmoja wa giza uliopita kwa urefu, huo ni utumbo. Shika ncha, uvute taratibu utoke wote.

Kitu laini cha kijani au kahawia kilichojaa kichwani ndiyo ile tezi niliyoitaja. Wapo wanaokipenda kupita nyama, na kikichanganywa kwenye tui kinalipa uzito. Lakini kiungo hicho huchuja pia, na uchafu wa majini hujikusanya humo. Mtoto na mjamzito wasile. Mimi hukitoa chote, na sijaona tui langu limepungukiwa.

Suuza haraka kwa maji ya chumvi au pangusa kwa karatasi safi. Usimwache chini ya bomba. Utamu wote unakwenda na maji.

Na sasa jambo ambalo najua nitabishiwa. Usimkamulie ndimu. Sisi watu wa pwani mkono wetu ni mwepesi wa ndimu, samaki akitoka sokoni tu tayari ndimu na chumvi. Kwa changu au jodari, sawa. Kwa koche, asidi inaanza kuipika nyama ya juu kabla haijaona moto; robo saa tu na uso wake umeshakuwa mweupe na mgumu. Ndimu iliyo kwenye tui inatosha, na vipande vingine viwekwe mezani kila mtu ajikamulie.

Pitisha kijiko kati ya nyama ya mkia na gamba ili uilegeze, uirudishe mahali pake. Paka mafuta kidogo na chumvi chache.

Kumchoma

Mkaa uwe umeshika wote na kufunikwa na jivu jepesi, bila ndimi za moto. Ukiweka kiganja juu yake kimo cha shubiri, uweze kuvumilia sekunde nne au tano. Paka mafuta wavu wa kuchomea.

Anza na upande wa nyama chini, dakika mbili, upate rangi. Geuza gamba liwe chini, na hapo ndipo atakapokaa mpaka mwisho: gamba lenyewe linakuwa chombo, linahifadhi maji yake na tui unalompaka. Paka sasa, paka tena baada ya dakika mbili, na mara ya tatu karibu na mwisho. Kwa koche wa gramu 700 jumla ni dakika saba hadi tisa. Saa hiyo ni ya kukuongoza tu. Macho ndiyo yanayoamua.

Usidanganywe na gamba. Rangi nyekundu ilikuwemo tangu zamani, imeshikamana na protini inayoifanya ionekane buluu au kijani. Joto likiivunja protini, wekundu unajitokeza. Hilo hutokea mapema sana, dakika mbili tatu za mwanzo, nyama ndani ikiwa bado mbichi. Wengi huona wekundu wakaepua, wengine huona wekundu wakaogopa na kuendelea robo saa.

Tazama nyama pale mkia unapoungana na kichwa, ndipo penye unene. Nyama mbichi inapitisha mwanga. Ikiiva inakuwa nyeupe tupu, na nyuzi zake zinaachana ukiibonyeza kwa uma. Epua wakati katikati kabisa pamebaki mstari mwembamba ambao haujageuka sawasawa, ukamfunike dakika mbili. Joto lililomo litamalizia. Mwenye kipimajoto cha nyama aangalie nyuzi 63 za Selsiasi katikati ya unene, basi.

Huna mkaa? Oveni inayowaka upande wa juu inafanya vizuri, gamba chini, dakika nane hadi kumi. Kwa jiko la gesi, tumia kikaango kipana chenye mfuniko: mafuta kidogo, nyama chini dakika mbili, geuza, tia maji robo kikombe pembeni, funika dakika sita, kisha mwagia tui.

Kwa anayetaka sufuria

Kama moyo wako uko kwenye koche mzima mwekundu katikati ya meza, hatua za barafu ni zile zile. Utumbo unatolewa kabla: vunja kipande cha ncha ya sharubu moja, ingiza upande uliokatika kwenye tundu lililo chini ya ncha ya mkia, zungusha, vuta. Miiba ya sharubu inaukamata utumbo na kutoka nao. Ni ujanja wa watu wengi wa baharini duniani, na unafanya kazi.

Maji lita nne au zaidi, chumvi ile ile ya vijiko viwili kwa lita, yawe yanatokota kwa nguvu. Ili abaki mzima, hapa pigo ni lile la kwanza tu, la kichwani, kwa hiyo hakikisha amelala kabisa, na mtumbukize papo hapo. Hesabu kuanzia maji yanapotokota tena: dakika 8 kwa gramu 500, 11 kwa gramu 750, 15 kwa kilo moja. Mtoe, mzamishe kwenye maji ya barafu dakika tatu ili asiendelee kuiva, mwinamishe kichwa chini maji yachuruzike. Hapo ndipo umpasue na kumsafisha.

Mezani na baadaye

Wali wa nazi au mkate wa ajemi, kachumbari isiyo na siki nyingi, lile bakuli la pili la tui, na ndimu. Miguu isitupwe, ivunje kwenye viungo na uifyonze. Haina nyama nyingi, ila kila meza ina mtu wake anayeingoja.

Vichwa vilivyosafishwa ni supu. Viponde kidogo kwa mchi, vikaange kwenye mafuta na kitunguu maji, tangawizi na nyanya moja mpaka vinukie, tia maji yavifunike, chemsha nusu saa, chuja, malizia kwa tui jepesi. Usizidishe muda, magamba yakichemshwa mno supu huwa chungu.

Nyama iliyobaki ikae kwenye friji, siku mbili na si zaidi. Usiipashe moto, kwa sababu kuipasha ni kuipika mara ya pili. Ichambue ikiwa baridi, changanya na embe bichi lililokatwa nyembamba, kitunguu, pilipili na ndimu, na uile kwa muhogo wa kuchemsha. Magamba yafunge kwenye mifuko miwili na uyatoe nje usiku ule ule, maana kwa joto la kaskazi hadi kuamka asubuhi jirani wa tatu atajua ulikula nini.